Kokteli ya Krimu ya Baada ya Chakula: Namna ya Kuiandaa Salama Nyumbani

Utangulizi

Kila mwisho wa mwaka, ndugu wanaporejea Nyangoto kutoka Mwanza, Musoma, Arusha na Dar es Salaam, meza za nyumbani hupambwa kwa vyakula na vinywaji ambavyo havionekani siku za kawaida. Miongoni mwa vinywaji vilivyopata wapenzi wengi katika miaka ya karibuni ni kokteli ya krimu: kinywaji kizito, kitamu na baridi, chenye ladha ya kahawa au kakao, kinachonywewa taratibu kwa glasi ndogo baada ya mlo wa jioni. Wengine hukinunua kikiwa tayari katika chupa. Wengine, kwa kuona bei ya chupa hiyo ni kubwa, huamua kukitengeneza wenyewe kwa maziwa, sukari, kahawa na pombe kali.

Uamuzi wa kukitengeneza nyumbani kwa matumizi ya familia si kosa, na mahitaji yake mengi yanapatikana mkoani Mara. Wilaya ya Tarime hulima kahawa ya arabika, na ng'ombe wa maziwa wapo katika kaya nyingi za Tarime na Serengeti. Hata hivyo, mlaji anapaswa kufahamu jambo moja la msingi kuhusu kinywaji hiki: utamu na uzito wake huficha. Huficha ukali wa pombe, hivyo mnywaji hunywa zaidi ya alivyokusudia. Huficha harufu na ladha ya pombe bandia, ambayo katika maji matupu huenda ingetiliwa shaka. Huficha maziwa yaliyoanza kuharibika. Na kwa macho ya mtoto, huficha kabisa kwamba kilichomo katika glasi si maziwa ya chokoleti.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua viambato, kuandaa, kuhifadhi na kuandalia wageni kokteli ya krimu, pamoja na haki na wajibu wa mlaji pale anapobaini kwamba ameuziwa bidhaa isiyofaa. Mwongozo hauhamasishi unywaji wa pombe. Wasiokunywa kwa sababu ya imani, afya, umri au hiari yao watakuta hapa pia namna ya kuandaa kinywaji hicho bila kilevi.

1. Asili ya kinywaji hiki

Pombe tamu za krimu zinazouzwa katika chupa si za zamani sana. Baileys ilianza kuuzwa mwaka 1974 nchini Ireland, ikichanganya wiski na krimu ya maziwa. Mwaka 1989 Afrika Kusini ilitoa Amarula ya krimu, inayotokana na tunda la mng'ongo, mti ambao huota pia katika nyika za Tanzania. Vinywaji hivi viwili huwa na kilevi cha asilimia 17 hivi.

Mlaji anaweza kujiuliza: ikiwa chupa hizo hukaa rafuni kwa miezi bila kuharibika, kwa nini kinywaji cha nyumbani kisikae vivyo hivyo? Jibu lipo kiwandani. Kiwanda huvunja matone ya mafuta ya maziwa kwa mashine yenye shinikizo kubwa hadi yawe madogo mno na kushikamana na kilevi bila kujitenga. Aidha, kiwango cha kilevi, wingi wa sukari na usafi wa ujazaji hupimwa ili vijidudu visipate nafasi ya kuzaliana. Jikoni hakuna mashine hiyo wala maabara ya kupima. Kwa sababu hiyo, kokteli ya nyumbani ihesabiwe kuwa chakula kibichi cha maziwa, kinachohitaji ubaridi na kinachopaswa kuisha haraka, hata kama ndani yake mna pombe.

2. Kuchagua pombe kali: hatua yenye hatari kubwa kuliko zote

Mara tu baada ya serikali kupiga marufuku pombe kali katika vifungashio vya plastiki, maarufu kama viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, pombe kali halali zilibaki katika chupa. Tangu Januari 2019 chupa za pombe kali zinapaswa kubandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki, ambayo mlaji anaweza kuihakiki mwenyewe kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. Hatua hizi mbili zimempa mlaji nyenzo ambazo hakuwa nazo awali. Inasikitisha kwamba wengi hawazitumii.

Kabla ya kulipia chupa, mlaji ahakikishe yafuatayo:

a) Kizibo na utepe wake havijafunguliwa. Kizibo kinachozunguka bila kukatika, au chenye alama za gundi, ni sababu tosha ya kuikataa chupa.

b) Stempu ya kodi ipo, haijachanika wala kubandikwa upya, na inahakikika kwa simu.

c) Lebo inaonyesha jina la bidhaa, jina na anwani ya mtengenezaji, ujazo, asilimia ya kilevi, namba ya toleo, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania kwa bidhaa za nchini.

d) Maandishi ya lebo yamechapwa vizuri, hayana makosa ya tahajia, na lebo haijakaa upande.

e) Kimiminika kiko sawa na chupa nyingine za aina hiyo, kwa rangi na kwa kimo cha ujazo. Chembechembe zinazoelea au masimbi chini ya chupa ni dalili mbaya.

f) Bei haiko chini mno kuliko maduka mengine. Kodi ya pombe kali ni ile ile kwa wote, hivyo muuzaji anayeuza kwa nusu ya bei ana maelezo ya kutoa.

g) Muuzaji ana leseni na anatoa risiti ya mashine ya kielektroniki. Bila risiti, malalamiko ya baadaye huwa magumu kuthibitishwa.

Nyangoto ipo katika eneo la biashara lenye watu wengi wanaoingia na kutoka kwa ajili ya shughuli za machimbo, na wilaya ya Tarime inapakana na Kenya kupitia Sirari. Bidhaa zinazoingia kwa njia halali hukaguliwa mpakani. Zinazopita njia za panya hazikaguliwi na mtu yeyote, na mlaji anayenunua chupa iliyopita huko ndiye anayekuwa mkaguzi wa mwisho, kwa mwili wake mwenyewe. Wahenga walisema si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Watu wa Nyamongo wanaijua maana ya msemo huo kuliko wengi, na unafaa pia kwa chupa.

Methanoli ni nini?

Kilevi cha kawaida katika vinywaji ni ethanoli. Methanoli ni ndugu yake wa karibu anayetumika viwandani kama kiyeyushi na malighafi ya kemikali. Haina rangi, na harufu na ladha yake hukaribiana na ethanoli kiasi kwamba mnywaji hawezi kuzitofautisha. Huingia katika vinywaji kwa njia kuu mbili: wahalifu kuichanganya ili kupata faida kubwa, au pombe haramu kama gongo kuongezewa vitu visivyojulikana ili ionekane kali.

Mwilini, ini huibadilisha methanoli kuwa formaldehaidi na kisha asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mishipa ya fahamu ya macho. Kiasi kidogo cha mililita 10 kinaweza kusababisha upofu, na mililita 30 zinaweza kuua mtu mzima. Hicho ni kiasi cha vijiko viwili tu vya chakula.

Zipo imani kadhaa ambazo mlaji anapaswa kuziacha. Kuwasha pombe moto na kuangalia rangi ya muale hakuthibitishi usalama wake. Kuchemsha hakuiondoi methanoli kwa namna ya kutegemewa, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi joto 65 hivi na ethanoli kwenye nyuzi 78, na vikichanganyika huondoka pamoja. Kuchanganya na maziwa hakuikati sumu. Kinyume chake, maziwa na sukari huondoa hata ule ukali usio wa kawaida ambao ungemfanya mnywaji asite.

Dalili za sumu hii ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kutapika, maumivu ya tumbo, kuona ukungu au giza, na kupumua kwa shida. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24, na huchelewa zaidi iwapo mtu alikunywa pia pombe ya kawaida. Kwa hiyo, mtu anayeamka kesho yake akilalamika kwamba haoni vizuri asiambiwe kwamba ni uchovu wa jana. Apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja, pamoja na chupa aliyoitumia. Matibabu yapo, na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kuokoa macho na maisha yake.

Onyo: usitumie gongo wala pombe yoyote iliyojazwa katika chupa isiyo na lebo kutengeneza kokteli ya krimu. Gongo imepigwa marufuku kisheria, na hakuna njia ya jikoni ya kuifanya iwe salama.

3. Kuchagua na kuandaa maziwa na krimu

Maziwa yaliyotoka zizini muda huo huo yanaweza kuonekana masafi na bado yakabeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa brusela. Brusela humpata binadamu kwa homa zinazokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu mrefu. Wagonjwa wengi hutibiwa malaria au homa ya matumbo kwa muda kabla ya chanzo halisi kugundulika. Ng'ombe anayetupa mimba mara kwa mara ni ishara kwamba zizi linahitaji kuonwa na mtaalamu wa mifugo.

Kuna dhana kwamba pombe inayowekwa katika kokteli itaua vijidudu hivyo. Dhana hiyo si sahihi. Kilevi cha kusafishia mikono hufikia asilimia 60 au zaidi, ilhali kokteli iliyokwisha kuchanganywa huwa na asilimia 10 hivi, nayo imejaa mafuta na sukari vinavyovikinga vijidudu. Kinga ya kweli ni moto.

Mwenye kutumia maziwa ya ng'ombe wake afanye hivi: ayachuje kwa kitambaa safi, ayachemshe hadi yafure, ayaache yaendelee kuchemka kwa moto mdogo dakika chache huku akikoroga, kisha ayafunike na kuyapoza haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Maziwa hayo yakikaa kwenye jokofu usiku kucha, malai hupanda juu na inaweza kuenguliwa kwa kijiko safi. Hiyo ndiyo krimu ya kokteli. Asiye na jokofu ni salama zaidi atumie krimu au maziwa ya pakiti yaliyosindikwa kukaa muda mrefu, ambayo hayahitaji ubaridi mpaka yafunguliwe, akizingatia tarehe ya mwisho ya matumizi.

Maziwa mazito ya kopo yenye sukari yanafaa sana kwa kinywaji hiki. Kopo lililovimba, lililopasuka kwenye maungio au lenye kutu linalochubuka lisinunuliwe hata kwa punguzo la bei.

Baadhi ya mapishi hutaka mayai mabichi. Mayai mabichi yanaweza kubeba bakteria wa salmonela, na pombe ya kiwango hiki haitoshi kuwaua. Kokteli iliyoelezwa hapa haina mayai, na haipungukiwi kitu.

4. Vyombo: angalizo maalumu kwa maeneo ya machimbo

Katika maeneo yenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, madumu, ndoo na chupa huzunguka kutoka kazini hadi nyumbani. Chombo kilichobeba zebaki, sayanaidi, mafuta ya mashine au kemikali nyingine yoyote kisitumike kwa chakula au kinywaji, hata kikioshwa kwa sabuni mara kumi. Plastiki hunyonya kemikali na kuziachia polepole, na mafuta na kilevi vilivyomo katika kokteli vinaweza kuzivuta kuliko maji. Hali kadhalika, sufuria, kikaango au kijiko kilichowahi kuchomea dhahabu yenye zebaki kisirudi jikoni. Mvuke wa zebaki hauna harufu ya kuonya, na mabaki yake hayaonekani kwa macho.

Tumia chupa ya kioo iliyokuwa na chakula au kinywaji, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, isuuzwe, kisha ijazwe maji yaliyochemka na kumwagwa kabla tu ya matumizi. Chupa ya kioo ipashwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu ili isipasuke.

5. Namna ya kuandaa

Vipimo vifuatavyo vinatoa glasi 6 ndogo za mililita 100 kila moja.

Mahitaji:
Kahawa nzito iliyochujwa, mililita 120
Kakao ya unga, kijiko 1 cha chai
Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, mililita 120, sawa na vijiko 8 vya chakula
Malai au krimu iliyochemshwa au kusindikwa, mililita 180
Pombe kali yenye kilevi cha asilimia 35, mililita 180

Hatua:

Kwanza, koroga kakao ndani ya kahawa ikiwa bado ya moto, hadi mabonge yaishe. Kakao haiyeyuki vizuri katika kimiminika baridi.

Pili, tia maziwa ya kopo, koroga, kisha acha mchanganyiko upoe kabisa. Usiharakishe hatua hii. Kahawa ya moto ikikutana na krimu na pombe kwa pamoja, maziwa hukatika.

Tatu, tia krimu iliyo baridi na ukoroge taratibu. Ukitumia blenda, sekunde chache zinatosha. Ukizidisha, krimu itaanza kuwa siagi.

Nne, mimina pombe kidogo kidogo huku ukikoroga. Pombe ikimwagwa yote kwa mkupuo, protini za maziwa hugandana na kutengeneza chembe.

Tano, funika na uweke kwenye jokofu kwa saa 2. Tikisa kabla ya kumimina. Juu yake waweza kunyunyiza kakao au chokoleti iliyokwanguliwa.

Usiongeze ndimu, pasheni, nanasi wala machungwa. Asidi ya matunda hukata maziwa mara moja. Kokteli iliyokatika kwa sababu ya ndimu si sumu, ila haipendezi. Lakini kokteli iliyokatika yenyewe baada ya kukaa, ikiwa na harufu ya uchachu, imeharibika na inapaswa kumwagwa.

Barafu, ikiwa inahitajika, itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa au maji ya chupa. Wageni wengi huugua kwa sababu ya barafu huku lawama zikienda kwenye chakula.

Bila kilevi: badala ya pombe, tia mililita 180 za maziwa baridi yaliyochemshwa pamoja na matone machache ya vanila. Watoto wapewe kinywaji kilichoandaliwa kwa kakao pekee, bila kahawa.

6. Nguvu iliyomo katika glasi

Hesabu ya kilevi ni rahisi. Mililita 180 za pombe ya asilimia 35 zina mililita 63 za kilevi halisi. Zikigawanywa kwa glasi 6, kila glasi ina mililita 10.5, sawa na gramu 8 hivi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa maneno mengine, glasi mbili na nusu za kokteli hii ni sawa na chupa nzima ya bia.

Hesabu hiyo hubadilika mara mwandaaji anapoacha kupima na kumimina kwa makisio. Akitia pombe mara mbili ya kipimo na kugawa kwa glasi zile zile 6, kila glasi inakuwa na mililita 21 za kilevi, na ulimi hautagundua tofauti kubwa kwa sababu ya sukari na krimu. Mgeni aliyehesabu glasi tatu atakuwa amekunywa kilevi cha bia mbili na nusu bila kujua. Kwa hiyo, kupima ni sehemu ya heshima kwa mgeni. Ni vema pia mwenyeji amweleze kila anayepokea glasi kwamba ndani yake mna pombe, na ya kiasi gani.

Kahawa iliyomo haipunguzi ulevi. Humfanya mnywaji ahisi macho makavu ilhali uwezo wake wa kuamua na kuona mbali umepungua. Mwendesha bodaboda, dereva, au yeyote atakayeingia kazini mgodini asubuhi asinywe kwa kutegemea kahawa. Barabara ya kutoka Tarime kupitia Nyamongo hadi Mugumu ina kona, mifugo na watembea kwa miguu wakati wote wa usiku. Mgeni aliyekunywa apewe mahali pa kulala.

Sukari nayo ihesabiwe. Kila glasi ina takribani gramu 14 za sukari kutoka kwenye maziwa ya kopo pekee, yaani zaidi ya vijiko vitatu vya chai. Mwenye kisukari anapaswa kujua hilo kabla ya glasi ya kwanza.

Wasiopaswa kunywa kabisa ni wajawazito, walio chini ya miaka 18, wenye ugonjwa wa ini, na wanaotumia dawa zinazogongana na pombe, zikiwemo metronidazoli, dawa za kifua kikuu na dawa za usingizi. Mwenye shaka amuulize mfamasia au mhudumu wa afya.

7. Kuhifadhi

Kokteli ya nyumbani ihifadhiwe katika jokofu lenye nyuzi joto 4 au chini yake, na iishe ndani ya siku 2. Isikae mezani zaidi ya saa 2. Umeme ukikatika, jokofu lisilofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi. Ukikatika kwa muda mrefu zaidi, kinywaji kimwagwe. Asiye na jokofu aandae kiasi kitakachonywewa papo hapo, asibakize.

Chupa iandikwe kwa herufi kubwa: POMBE, SI MAZIWA, pamoja na tarehe iliyoandaliwa. Iwekwe mahali ambapo mtoto hafikii. Hili si jambo dogo. Mtoto mdogo aliyekunywa hata glasi moja anaweza kushuka sukari mwilini kwa ghafla, kupoteza fahamu na kupata degedege. Chukua mfano wa nyumba yenye sherehe: wakubwa wamehamia uani kwa maongezi, glasi zenye mabaki zimeachwa mezani, na mtoto wa miaka minne anazipitia moja baada ya nyingine kwa sababu zina ladha ya chokoleti. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hakuna aliyeona. Kinga yake ni kukusanya glasi mara tu zinapowekwa chini. Mtoto akigundulika amekunywa, asitapishwe wala kulazwa peke yake. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

8. Chupa tupu

Wanaotengeneza pombe bandia huhitaji chupa halisi zenye lebo halisi, na hununua chupa hizo kwa waokota taka na majumbani. Baada ya matumizi, chana lebo, haribu stempu na uharibu kizibo kabla ya kuitupa au kuiuza chupa. Kitendo hicho cha dakika moja kinaweza kumlinda jirani yako usiyemjua.

9. Ukitaka kuuza

Kuandaa kwa ajili ya familia na wageni ni jambo moja. Kuuza ni jambo jingine. Anayetaka kuuza kokteli ya krimu, hata kwa glasi sokoni au kwa chupa kwa majirani, anahitaji leseni ya biashara ya vileo. Anayekusudia kuifungasha anapaswa kusajili bidhaa na eneo lake la uzalishaji katika Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu Julai 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini. Wajasiriamali wadogo wasiogope kuuliza, kwa kuwa ushauri hutolewa kabla ya ukaguzi.

10. Haki zako na namna ya kulalamika

Mlaji ana haki ya kupata bidhaa salama, kupewa taarifa sahihi, kuchagua, na kusikilizwa anapolalamika. Ukishuku kwamba umeuziwa pombe bandia au bidhaa ya maziwa iliyoharibika:

a) Acha kuitumia na uwazuie wengine kuitumia.
b) Usiimwage yote wala kuirudisha dukani bila ushahidi. Tunza chupa, mabaki, kizibo, stempu na risiti.
c) Andika siku, mahali na jina la duka uliponunua.
d) Mtu akiwa amedhurika, matibabu yatangulie, kisha malalamiko.
e) Toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania kuhusu usalama na ubora, kwa Tume ya Ushindani kuhusu bidhaa bandia, na kwa Mamlaka ya Mapato kuhusu stempu ya kodi isiyohakikika. Aliye mbali na ofisi hizo aanzie kwa afisa afya wa kata, ofisi ya biashara ya halmashauri au kituo cha polisi.

Wapo walaji wanaosita kutoa taarifa kwa sababu muuzaji ni jirani au ndugu. Ikumbukwe kwamba mara nyingi muuzaji wa rejareja naye ametapeliwa na aliyemletea mzigo. Taarifa yako inaweza kumwokoa yeye na wateja wake, kwa sababu chupa bandia haiji peke yake. Huja kwa katoni.

Mambo ya kukumbuka

Nunua chupa iliyofungwa, yenye stempu inayohakikika, na udai risiti. Chemsha maziwa. Usitumie chombo cha machimbo. Pima, usikisie. Mimina pombe mwisho na kidogo kidogo. Hifadhi kwenye ubaridi, maliza ndani ya siku 2. Mwambie kila mgeni kilichomo. Kusanya glasi kabla watoto hawajazifikia. Haribu lebo na kizibo cha chupa tupu. Na anayelalamika haoni vizuri baada ya kunywa, mwahishe hospitali bila kusubiri kupambazuke.